Tuwape Mafundi wa Mapambo Shaba Halali

Nenda nyuma ya majengo ya karibu ofisi yoyote kubwa ya umma hapa nchini, mahali ambapo wageni rasmi hawapelekwi. Utakuta magari yaliyokaa juu ya mawe, jenereta iliyokufa, rejeta zilizotoboka, mota za pampu, koki za maji, rundo la vitasa na makufuli yaliyong'olewa jengo lilipokarabatiwa, na mabunda ya nyaya za umeme zilizochakaa. Majani yameota katikati yake na kuku wa mlinzi wanataga humo. Vitu hivyo vimeandikwa katika leja na vina namba. Vinangoja bodi ya ukaguzi, vinangoja kibali cha Hazina, vinangoja mnada. Vingine vimengoja hata ofisa aliyeviandika amekwisha kustaafu.

Toka sasa nje ya yadi hiyo, uvuke barabara. Chini ya mwembe, au pembeni mwa soko, utamkuta fundi anayetengeneza bangili, pete, hereni na vidani kwa shaba na alumini ya zamani. Ana nyundo mbili, tupa, koleo, jiko la mkaa, na kipande cha reli alichokifanya fuawe. Ustadi anao na wanunuzi anao. Anachokosa ni shaba. Au, kwa usahihi zaidi, anakosa shaba ambayo polisi akimwuliza imetoka wapi, ataweza kujibu bila ya kutetemeka.

Jambo hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo na watumishi wa umma na walimu, kwa sababu funguo za yadi hizo wanazo wao.

Wapo watakaoshangaa kwamba ukurasa huu, wenye kuzungumzia pamba, bandari na umeme, unashughulika na bangili. Tunawaomba wachukue penseli. Waya wa shaba nyekundu wenye unene wa milimita 4, ukikatwa kwa urefu wa sentimita 18, una uzito wa gramu 20 hivi. Hiyo ni bangili moja ya mkono wa mtu mzima. Kilo moja ya waya huo, baada ya kutoa vipande vinavyopotea katika kukata na kusugua, itatoa bangili 45. Mwezi Mei 2024 bei ya shaba katika soko la London ilipanda ikapita dola 10,000 za Marekani kwa tani, nayo ilikuwa bei ya juu isiyoonekana mara nyingi. Hata kwa bei hiyo kubwa, shaba iliyomo katika bangili moja haizidi sana senti 20 za dola. Tena hiyo ni bei ya shaba safi iliyokwisha kufika katika maghala ya wakubwa. Kijana anayezunguka mitaani na gunia hawezi kuiota. Basi chochote ambacho mnunuzi wa bangili atalipa juu ya senti hizo 20 ni malipo ya mkono wa fundi na ya akili yake.

Hesabu hiyo ni ndogo, lakini inaeleza habari kubwa. Gunia la shaba chakavu linapopakiwa katika kontena kwenda ng'ambo, nchi imeuza senti 20 na imefunga mlango. Linapobaki hapa na kufuliwa, nchi imeuza kazi. Na kichekesho ni kwamba meli zilezile hurudi na makatoni ya bangili za madini duni zilizopakwa rangi ya dhahabu, ambazo mvua moja ya masika huzivua nguo hadharani, nasi tunazigombania.

Ufundi wenyewe si wa kubahatisha. Fundi huanza kwa kuchambua. Shaba nyekundu hutoka katika nyaya na katika mota; shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hutoka katika koki, makufuli, vitasa na maganda ya risasi; alumini hutoka katika masufuria mabovu na vipande vya injini. Shaba nyekundu haihitaji kuyeyushwa ikiwa fundi anataka bangili ya kufua. Huipasha moto mpaka iive wekundu kwa mbali, akaitumbukiza katika maji, ikawa laini kama ngozi iliyolowa. Hapo huipiga, huisokota, huichora. Inapozidi kupigwa huwa ngumu tena na kutaka kupasuka, naye hana budi kuirudisha motoni. Shaba ya manjano, kwa kawaida, huyeyushwa na kusubiwa katika kalibu ya mchanga wenye udongo, kisha ikasuguliwa kwa tupa. Vipande huungwa kwa lehemu na tinkali, ile dawa nyeupe ambayo masonara wa Pwani wanaitumia tangu zamani ili lehemu ishike. Mwisho huja ndimu au ukwaju, chumvi na majivu, na chombo kilichokuwa cheusi kama chungu kikang'aa. Mama yeyote wa Unguja au Tanga aliyepata kusafisha sinia la shaba kwa ajili ya Idi ataitambua sehemu hiyo ya kazi.

Yupo anayedhani kwamba ufundi huu umeletwa na watalii. Dhana hiyo ni kasumba, na tungependa walimu waifute ubaoni. Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Kiswahili kina neno masango kwa waya mnene wa shaba, na neno segenge kwa waya mwembamba, kwa sababu waya ulikuwa moja ya bidhaa tatu kuu za misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pwani kwenda bara. Nyingine mbili zilikuwa nguo na shanga. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri njia hiyo kati ya 1857 na 1859, aliyaandika masango katika hesabu zake. Henry Stanley, alipomfuata Livingstone mwaka 1871, alifungasha frasila 10 za waya wa shaba, yaani ratili 350, naye alielezwa kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya huo ulihesabiwa kama dhahabu. Haukupelekwa huko kwa ajili ya umeme. Ulipelekwa kwa sababu wafua shaba wa bara waliunyoosha, wakaupiga na kuusokota kuwa vikuku na mitali, au wakauzungusha juu ya nyuzi za miti na nywele za mkia wa mnyama ukawa pambo la mguu. Miongoni mwa Wamasai wanawake walivaa mizunguko ya waya kutoka kifundo cha mkono karibu na kiwiko, mzigo ambao sisi wanaume tungeulalamikia kabla ya saa sita mchana.

Huku Pwani masonara walifanya kazi hiyohiyo kwa fedha. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria ambayo siku zote ilipigwa ikiwa na tarehe ya mwaka 1780, ilikuwa na uzito wa gramu 28 na zaidi ya asilimia 80 ya fedha halisi. Toka Uhabeshi na Yemeni mpaka Omani, sarafu hiyo ilipofika mikononi mwa sonara haikuwa pesa tena bali mali ghafi, akaiyeyusha kuwa kikuku au kidani. Nasi tunaowakumbuka bibi zetu tunajua kwamba senti za kikoloni zenye tundu katikati zilipata kazi shingoni mwa watoto ambayo Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki haikuikusudia.

Mhunzi wetu wa chuma naye alikwisha kuwa fundi wa mabaki muda mrefu uliopita. Ufipa palikuwa na tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma. Buhaya, wataalamu wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba chuma kiliyeyushwa huko yapata miaka 2,000 iliyopita. Na mwaka 1976 wazee wa huko waliijenga tena tanuri ya namna hiyo mbele ya mtafiti Peter Schmidt, wakamwonyesha jinsi kazi ilivyofanywa ujanani mwao. Tanuri hizo zilizimika katika karne iliyopita, na sababu moja kubwa ni chuma rahisi kilichoingia kutoka Ulaya. Mhunzi aliacha kuchimba mawe ya chuma, akachukua springi ya gari na kuifanya jembe na kisu. Aliuacha mgodi lakini nyundo yake hakuiacha. Fundi wa bangili aliye chini ya mwembe ni ndugu yake yule mhunzi, na mabaki ndiyo mgodi wake.

Hapa tunafika penye uchungu, kwa kuwa mabaki na wizi vimekaa nyumba jirani.

Wanandi walipokuwa wakipigana na Waingereza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, waya wa simu na reli ya Uganda ulipitishwa katika nchi yao. Waliukata waya huo wakaufanya mapambo, na bolti za reli wakazifua silaha. Mkoloni aliita jambo hilo wizi, akaleta majeshi, na mwezi Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa. Historia ya Afrika haiwaiti Wanandi wale wezi, na sisi hatutawaita hivyo. Waya ule ulikuwa wa bwana aliyeingia bila ya kupiga hodi.

Lakini waya wa leo ni wetu. Anayepanda nguzo usiku na kukata waya wa shaba amezima jokofu la chanjo katika zahanati. Anayeng'oa nyaya za pampu amewarudisha akina mama kisimani. Anayefungua transfoma na kuiba mafuta na shaba iliyomo amewanyima vijana wa kuchomelea riziki yao ya mwezi mzima. Hapana shairi la ushujaa litakalotungwa kwa mtu huyo, na hapana fundi mwenye heshima anayepaswa kuipokea mali yake, hata kama ameletewa kwa bei ya bure.

Swali ni hili: tunamtenga vipi fundi na mwizi? Njia moja ni kupiga marufuku kila kitu. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuijaribu. Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulikatika karibu nchi nzima baada ya nguzo za njia kuu ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi kuanguka, na uharibifu wa makusudi ukatajwa. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu, ya ndani na ya kusafirisha nje. Mwezi Mei marufuku iliondolewa na masharti mapya yakawekwa. Hatuwalaumu jirani zetu. Taifa lililokaa gizani lina haki ya kukasirika. Hata hivyo amri ya aina hiyo haina macho. Haimtofautishi aliyekata waya wa kilovolti 220 na fundi wa Kibera anayeyeyusha makufuli mabovu na koki zilizotupwa ili afanye hereni. Wote wawili huamka asubuhi wakiwa wahalifu, ila mmoja amezoea.

Tena hebu tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa mambo. Fundi anayetengeneza bangili 45 kwa kilo moja hana haja ya tani za waya. Shaba ya njia moja ya umeme iliyokatwa usiku ingemtosha kwa miaka, naye hana mahali pa kuificha. Wizi mkubwa unalishwa na mlanguzi mwenye mizani mikubwa, lori na mnunuzi wa ng'ambo asiyeuliza maswali. Anayemkimbiza fundi wa bangili sokoni kwa jina la kulinda miundombinu anamkimbiza sisimizi huku fisi yumo zizini.

Ipo sababu nyingine ya kumpa fundi shaba yenye asili inayojulikana, nayo tunaiona kuwa kubwa kuliko ile ya polisi. Katika biashara ya mapambo ya mabaki, asili ya madini ndiyo nusu ya bei. Katika vilima vya Entoto, juu ya mji wa Addis Ababa, wako wanawake wanaotengeneza shanga na vidani kwa shaba ya maganda ya risasi yaliyookotwa na wakulima mashambani, mabaki ya vita vilivyopita. Katika kijiji cha Ban Naphia huko Laos, wanakijiji wanasubu vijiko na bangili kwa alumini ya mabaki ya vita vya Wamarekani, ambao kati ya 1964 na 1973 walimwaga juu ya nchi hiyo ndogo mabomu ya zaidi ya tani milioni 2. Uzito wa alumini ile ni mdogo na thamani yake sokoni ni ndogo zaidi. Lakini mtu anayeinunua anajua ameshika nini, na anailipia habari hiyo.

Shaba ya wizi haiwezi kusimuliwa. Fundi aliyeinunua usiku hulazimika kunyamaza, na kwa kunyamaza anaipoteza nusu ya bei yake. Lakini mfikirie fundi wa Tabora anayeweza kusema kwamba bangili hii ilikuwa koki ya bweni la shule kongwe, au fundi wa Mwanza mwenye pete iliyokuwa sehemu ya pampu ya kwanza ya mji, na akatoa stakabadhi ya halmashauri kuthibitisha. Hapo hata sisi wenyeji, tusiopenda kutoa pesa ovyo, tungeanza kupekua mifuko.

Sasa turudi katika yadi. Tunafahamu utaratibu. Mali ya umma haigawiwi kama njugu za harusi. Kuna bodi ya ukaguzi, kuna kibali, kuna mnada wa hadhara, na kuna mkaguzi wa hesabu atakayekuja mwaka unaofuata na kalamu nyekundu. Mtunza bohari anayeogopa hoja za mkaguzi si mwoga. Ana watoto wanaosoma. Hatumwombi mtu yeyote aikwepe sheria. Tunaomba sheria itumiwe kwa akili.

Mtindo uliozoeleka ni kuuza fungu zima kwa pamoja: magari mabovu, vitanda vya chuma, mota, nyaya na koki, vyote katika lundo moja na kwa bei moja. Fundi mwenye mtaji wa noti chache hawezi kulipa, hivyo hurudi mikono mitupu. Anayeshinda ni mwenye lori. Na mwenye lori si mjinga. Hulipa kwa bei inayokaribia ile ya chuma, akafika kwake, akatenga shaba ambayo kilo yake inathamani mara nyingi zaidi ya kilo ya chuma, akaiuza peke yake. Faida ile ilikuwa mali ya umma mpaka saa ya mnada. Ilipotea kwa sababu hakuna aliyechukua asubuhi moja kuchambua lundo.

Bodi ya ukaguzi ikipendekeza kwamba shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini zitengwe, zipimwe na kuandikwa kila moja peke yake, Serikali itapata zaidi kabla hata ya kumfikiria fundi. Na ikiwa sehemu ya shaba hiyo itauzwa kwa mafungu ya kilo 5 au 10 kwa vikundi vya mafundi vilivyosajiliwa, kwa bei isiyopungua ile iliyofikiwa mnadani, mkaguzi wa hesabu hatakuwa na la kusema isipokuwa kupongeza. Maofisa wa SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuhudumia viwanda vidogo, wanaweza kuwatambua mafundi hao. Stakabadhi itaandika uzito na mahali shaba ilipotoka. Polisi akifika kwa fundi, ataonyeshwa karatasi. Na asiye na karatasi ataulizwa maswali, kama inavyostahili.

Tunaongeza tahadhari moja kwa mabohari. Kompyuta na redio zilizokufa zisiingizwe katika mafungu hayo. Ni kweli kwamba ndani yake mna chembe za dhahabu, na wapo vijana waliosikia habari hiyo. Kuzitoa kunataka tindikali kali na mitambo ya wataalamu. Fundi wa jiko la mkaa atapata sumu kabla hajapata dhahabu.

Kwa walimu tuna maneno zaidi, kwa sababu wao wanashika kizazi. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na sote tunajua kwamba katika shule nyingi iliishia kuwa jembe na bustani ya mchicha, na pengine adhabu ya wachelewaji. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeingiza mkondo wa amali katika sekondari. Walimu wanalalamika, na wana haki, kwamba karakana hazina vifaa. Lakini hili ni somo linaloweza kuanza kwa kitasa kibovu cha mlango wa darasa lenyewe. Mwalimu wa fizikia na achukue kipande cha chuma cha pua na kipande cha shaba, avipashe moto vyote viwili mpaka viwe vyekundu na kuvitumbukiza majini. Chuma cha pua kitakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Shaba itakuwa laini. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo kwa macho yake ataanza kuuliza kwa nini, na hapo sayansi imeanza. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660 za sentigredi, shaba nyekundu katika nyuzi 1,085, na shaba ya manjano katikati yake. Jiko la mkaa lenye mvukuto mzuri hufika huko kote. Mwalimu wa hesabu atapata kazi ya uzito na ujazo, na wa historia atapata masango.

Hata hivyo mwalimu asiyejua hatari zake ni heri asianze. Zinki huchemka katika nyuzi 907, na kwa hiyo shaba ya manjano iliyopashwa kupita kiasi hutoa moshi mweupe. Vivyo hivyo mabati na misumari iliyopakwa zinki. Anayeuvuta moshi huo hushikwa jioni na homa, baridi na maumivu ya mwili, akadhani ni malaria na kumeza dawa za malaria. Kesho anapata nafuu, akarudi jikoni kuuvuta tena. Kazi hiyo ifanyike nje, penye upepo, mgongo ukiuelekea upepo. Nyaya zisichomwe ili kutoa plastiki yake, kwani moshi wa plastiki hiyo una sumu inayokaa mwilini kwa miaka mingi. Zimenywe kwa kisu, hata kama kazi itakwenda polepole.

Kisha kuna risasi, yaani madini, siyo ya bunduki. Shaba ya koki na vitasa vingi hutiwa risasi kidogo, aghalabu asilimia 2 au 3, ili iwe rahisi kuchongwa na mashine. Rejeta za zamani ziliungwa kwa lehemu ya risasi na bati. Sahani za betri za gari ni risasi tupu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake ambacho madaktari wamekiona kuwa salama. Kwa hiyo betri isiguswe kabisa, lehemu ya rejeta isiingie katika chungu cha kuyeyushia, na shaba ya koki isifanywe kidani cha mtoto mchanga, ambaye kila kitu hukipeleka mdomoni. Bangili ya mtoto ni ya waya safi wa shaba nyekundu au isiwepo. Ule ukijani unaoachwa na shaba juu ya ngozi yenye jasho, ambao wateja wengi wanauogopa, hauna madhara makubwa, nao huoshwa kwa sabuni. Hatari ya kweli ni ile isiyoacha alama.

Limebaki neno kuhusu soko, nalo ni fupi kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe. Ofisi za umma hutoa zawadi kila mara kwa wageni wa semina, kwa watumishi wanaostaafu, kwa mwalimu bora wa mwaka. Tumeona katika hafla hizo saa za ukutani na seti za glasi zilizotengenezwa mbali sana na hapa, zikiwa bado na karatasi ya bei chini yake. Mwalimu mkuu wa kike aliyefundisha miaka 35 angevaa kikuku cha shaba kilichofuliwa kutokana na kengele au koki ya shule yake, na wajukuu zake wangegombea kukirithi. Saa ya ukutani wataigombea kwa muda betri inapofanya kazi.

Mwaka wa fedha wa Serikali unamalizika tarehe 30 Juni, na kabla ya hapo bohari zitahesabiwa. Tunawaomba watakaopewa kazi hiyo, safari hii, wasiandike "chuma chakavu, lundo 1". Waandike shaba nyekundu kilo kadhaa, shaba ya manjano kilo kadhaa, alumini kilo kadhaa. Vibarua wawili na siku moja vinatosha kuchambua yadi ya wilaya, na mizani inaweza kuazimwa kwa chama cha ushirika kilicho jirani.